Saa 2 usiku au saa 8? Uchambuzi wa tovuti ya mwanamuziki mmoja wa Tanga

Hivi karibuni meneja wa mwimbaji mmoja chipukizi wa hapa Tanga aliniomba niikague tovuti ya msanii wake kabla hawajatoa fedha za kuijenga upya. Msanii huyo sitamtaja, wala aliyeitengeneza tovuti, kwa sababu makosa niliyoyakuta si yao peke yao: nimeyaona katika tovuti nyingi za wasanii wetu wa Bongo Fleva na taarabu, na meneja ameniruhusu niyaandike ili wengine nao wayapime.

Katika ukaguzi wa namna hii sianzi na rangi wala picha, bali hujiuliza kwanza mgeni amekuja kutafuta nini. Anayepitia mitandao ya kijamii huenda anapitisha muda tu, lakini aliyejipa kazi ya kuandika jina la msanii na kufungua tovuti yake mara nyingi ana haja maalumu: anataka kujua onesho ni lini na wapi, anataka kusikiliza wimbo au kuununua, anataka maneno ya wimbo, au ana harusi na anatafuta namba ya kumwalika msanii. Nilichukua simu janja ya bei nafuu yenye bando la kawaida, nikakaa barazani Ngamiani, nikazijaribu haja hizo nne moja baada ya nyingine.

Nilikwama mlangoni. Ukurasa wa mwanzo hufunguka kwa picha moja inayojaza skrini nzima, nayo ni picha nzuri kwa kweli: mwimbaji amejifunga leso, amesimama ufukweni Raskazone jua likizama. Tatizo ni kwamba ilipandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera, ikiwa na uzito wa megabaiti 6. Baiti moja ina biti nane, hivyo megabaiti 6 ni sawa na megabiti 48, na pale ambapo mtandao unapitisha megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo peke yake huchukua sekunde 24 kufika, ilhali Google hupendekeza kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Nilipoipunguza ilingane na upana wa skrini ya simu na kuihifadhi katika WebP, muundo wa picha unaobana uzito kwa ajili ya tovuti, ilishuka chini ya kilobaiti 150, na macho yangu hayakuona tofauti yoyote. Shabiki wa Muheza au Pangani anayenunua bando la siku hastahili kulipia megabaiti ambazo skrini yake haiwezi hata kuzionyesha.

Tovuti hiyo pia ilikuwa imepangwa ianze kupiga wimbo yenyewe mara tu inapofunguliwa. Hilo halihitaji mjadala mrefu, kwa kuwa kivinjari cha Chrome kimekuwa kikizuia sauti za namna hiyo tangu mwaka 2018. Kitufe cha kuchezea wimbo kinachoonekana vizuri kinatosha.

Ukurasa wa maonesho ndio ulionisimamisha kwa muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote. Chini ya jina la ukumbi mmoja wa hapa mjini palikuwa na maandishi haya tu: 03/05, 8:00. Kwetu sisi hiyo ni tarehe 3 mwezi wa 5, lakini kwa Mmarekani, na kiolezo cha tovuti hiyo, yaani muundo uliotengenezwa tayari, kilitoka Marekani, ni Machi 5. Kuhusu saa, hatari ni kubwa zaidi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na tena linapozama, hivyo saa ambayo Mwingereza huiandika 8:00 sisi huiita saa mbili. Anayeona tarakimu 8 na kuisoma kwa Kiswahili, bila kuwekewa neno asubuhi, mchana wala usiku, ana haki kamili ya kuelewa kwamba ni saa nane. Meneja alinieleza kwamba wapo waliopiga simu kuuliza kama onesho lilikuwa la mchana. Hao ndio waliopiga simu. Aliyefika ukumbini saa nane mchana akakuta mlango umefungwa hakuwa na sababu ya kumpigia mtu yeyote.

Dawa yake ni kuandika tarehe mara mbili, moja kwa ajili ya binadamu na nyingine kwa ajili ya mashine. Msomaji aone maneno kamili: Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, saa 2:00 usiku. Nyuma ya maneno hayo, ndani ya msimbo wa HTML, yaani lugha inayoandikiwa kurasa za tovuti, iwekwe lebo ya muda yenye 2025-05-03T20:00+03:00, ambapo tarakimu za mwisho zinaonyesha kwamba saa za Afrika Mashariki zimetangulia saa za kimataifa kwa saa tatu. Kwa kuisoma lebo hiyo, injini ya utafutaji au programu ya kalenda hupata wakati usio na utata, na hata ndugu zetu walioko Muscat wanaosubiri matangazo ya moja kwa moja wanaweza kuonyeshwa kwamba kwao itakuwa saa 3 usiku.

Kosa linalofanana na hilo limejificha juu kabisa ya msimbo, mahali ambapo ukurasa hutaja lugha yake. Palikuwa pameachwa alama ya Kiingereza, iliyokuja na kiolezo, na kwa sababu hiyo programu inayomsomea skrini mtu asiyeona inaweza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, yasieleweke. Kubadilisha herufi mbili, kutoka en kwenda sw, ni kazi ya dakika moja, na inauma kuona inavyosahauliwa.

Rangi za dhahabu na nyeupe zilichaguliwa ili zifanane na jalada la albamu. Jalada halina ubaya, lakini maandishi ya dhahabu angavu juu ya nyeupe yana uwiano wa mng'ao, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake, wa takriban 1.4 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unataka usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nje, kwenye jua la Tanga, namba ya simu ya kumwalika msanii haikusomeka kabisa. Nilishauri dhahabu ibaki kwenye mapambo, maandishi yawe ya rangi ya kahawia iliyokoza, na namba iwe kiungo cha kupigia moja kwa moja.

Sasa nije kwenye maneno ya nyimbo, ambayo kwangu ndiyo mali kubwa kuliko zote. Yalikuwa yamewekwa kama picha. Anayekumbuka mstari mmoja tu akautafuta kwenye Google hana uhakika wa kuufikia wimbo, na asiyeona hasomewi chochote. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu sura mpya, na hadi leo wazee hubishana barazani kuhusu nani alitunga shairi gani. Tovuti ya msanii inaweza kuumaliza ubishi huo mapema, ikiwa kila wimbo utakuwa na ukurasa wake wenye maneno kamili, jina la mtunzi, wapiga ala na mwaka wa kurekodiwa. Kuutegemea mtandao wa wengine kwa kazi hiyo ni hatari: mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii uliowahi kupendwa sana na wanamuziki, ilikiri kwamba muziki uliopakiwa huko katika miaka yake 12 ya kwanza ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Ndiyo maana nilisisitiza pia kwamba jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la msanii mwenyewe badala ya la fundi, na nakala ya kila kitu ihifadhiwe nyumbani.

Tulianza na nyimbo tatu. Nilisikiliza na kuandika, kisha mwimbaji akaja ofisini kwangu Chumbageni kuhakiki. Katika wimbo wa pili alinisimamisha kwenye neno la Kidigo ambalo nilikuwa nimelisikia kama la Kiswahili, akanieleza kwamba ni la bibi yake, akalitamka polepole mara mbili huku nikilirekebisha kwenye ukurasa.