Je, wajua? Kwa nini darubini yenye nguvu zaidi inaweza kukufichia swala

"Mjomba, mimi naona majani tu."

Tulikuwa juu ya mawe ya Kisiwa cha Saanane, Ziwa Victoria, pale Mwanza, asubuhi, jua bado halijachachamaa. Mpwa wangu alikuwa na darubini mpya aliyoinunua mjini, imeandikwa 20x50 kwa rangi ya dhahabu, na njia nzima kwenye boti alikuwa akinieleza jinsi ilivyo kali. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alikuwa na yake kuukuu, 8x42, ngozi imebanduka ubavuni na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Huyo mwenye mpira wa baiskeli alikuwa keshahesabu swala pala watano chini ya miti, kama mita 300 kutoka tulipo, na kuandika "5" kwenye daftari lake. Mpwa wangu, mwenye nguvu mara mbili na nusu ya ile, hakuwa amemwona hata mmoja.

Macho ya kijana hayana kasoro. Darubini yake pia ilikuwa nzima. Sasa ilikuwaje?

Tuanze na zile namba. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu: swala aliye mita 300 ukimtazama kwa 8 anaonekana kama yuko mita 37 na ushei, kwa 20 kama yuko mita 15. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi huisoma ya kwanza tu, kama mtu anayenunua pikipiki kwa kutazama spidi iliyoandikwa kwenye dashibodi.

Kila unapovuta kitu karibu, dunia unayoiona kwa mkupuo mmoja inapungua. Darubini ya kawaida ya 8x42 hukuonyesha kipande cha upana wa mita 130 hivi ukitazama umbali wa kilomita moja, kwa hiyo mita 300 mbele yako unaona karibu mita 40 kwa pamoja: mti wote, kivuli chake, mwamba wa pembeni na njia ya wanyama. Ile ya 20x50 hukupa chini ya nusu ya hapo, mita 17 hivi. Teleskopu ya jicho moja ikisukumwa hadi mara 60 inakuachia mita 6. Kumtafuta swala kwa upana huo ni sawa na kutafuta mtu kwenye soko la Kirumba ukichungulia kwa tundu la ufunguo. Ukimpata, utamwona hadi kope. Kumpata ndiyo kazi.

Halafu kuna mikono. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia. Moyo unapiga, pumzi inapanda na kushuka, upepo wa ziwani nao haukosi la kufanya. Darubini haibagui, inakuza swala na inakuza mtetemo wako kwa kiasi kilekile. Kwa mara 8 unavumilika. Kwa mara 10 watu wengi bado wanamudu, na hapo ndipo wazoefu huweka mpaka wa darubini ya kushika mkononi. Kwa mara 20 picha inacheza kiasi kwamba jicho linashindwa kukamata kitu kidogo, kwa mfano sikio linalopunga nzi. Na mnyama aliyetulia kivulini hujitambulisha kwa vitu vidogo kama hivyo.

Jicho zima, lisilohitaji miwani, linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana sentimita 30 hivi kwa umbali wa kilomita moja. Kwa mita 300 hiyo ni sentimita 9. Weka 8x42 iliyotulia, unashuka hadi sentimita moja tu. Sikio la swala pala lina sentimita nyingi kuliko hiyo. Askari wetu hakuhitaji zaidi ya alichokuwa nacho. Alihitaji picha isiyocheza na upana wa kutosha, na vyote alikuwa navyo shingoni.

Jambo la tatu ni mwanga, na hili unaweza kulipima mwenyewe kwa rula ya shule. Nyoosha mkono, elekeza darubini kwenye anga angavu (kamwe usielekeze kwenye jua, utapofuka), kisha tazama vioo vya nyuma kutoka mbali. Utaona viduara viwili vyeupe vikielea ndani. Hicho ndicho kifungu cha mwanga kinachokuja kuingia machoni, na upana wake ni namba ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni milimita 5 na robo. 50 kwa 20 ni milimita 2 na nusu. Mpwa wangu alipoweka rula na kuona tofauti ile, alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tupande boti.

Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, hivyo viduara vya darubini zote mbili vinatosha. Shida inakuja jua likizama. Mboni inapanuka, kwa kijana gizani inaweza kufika milimita 7, kwa sisi tulioanza kuota mvi 5 au pungufu. Jicho lililofunguka milimita 5 likipokea kifungu cha milimita 2 na nusu linapata robo tu ya mwanga ambao lingeweza kuupokea. Na swala wengi hutoka kujilisha alfajiri na jioni. Kwetu hapa karibu na ikweta jua linazama wima, na mwanga wa kuonea unaisha ndani ya dakika 20 na kidogo. Ukikaa kurekebisha darubini yenye giza ndani, usiku umekukuta.

Sasa, kama nguvu nyingi ina hasara zote hizi, kwa nini hizo teleskopu za jicho moja, zenye mara 20 hadi 60 na lenzi ya milimita 80, zinatengenezwa na kununuliwa?

Kwa sababu zina swali lake. Wateja wake wakubwa, ukiacha watazama ndege, ni wawindaji wa ayala huko Marekani na Ulaya. Nasema ayala kwa makusudi. Mitandaoni utakuta wameandika "kulungu" au "paa", lakini hao ni wa kwetu, jamaa za swala, wenye pembe za kudumu. Ayala, yule wa Zaburi ya 42, ana pembe zenye matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, na barani Afrika jamii yake ya asili iko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kwa mfano Pennsylvania, sheria inamtaka mwindaji ahesabu matawi ya pembe za dume kabla ya kufyatua. Yakipungua idadi iliyowekwa, mnyama huyo si halali yake. Kuhesabu ncha za pembe kutoka ng'ambo ya bonde hakuwezekani kwa 8x42. Hapo ndipo teleskopu inasimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, inaelekezwa kwa mnyama ambaye *tayari amekwisha kuonekana*, na kazi yake ni kumtambua, basi.

Hata wao hawatafuti kwa teleskopu. Kwenye milima mikavu ya Arizona, ambako kuna ayala wadogo wa kijivu wanaofanana na mawe, wawindaji wengi wamekuja kuipenda njia ya katikati: darubini ya macho mawili ya 15x56, lakini imefungwa juu ya stendi. Wanakaa chini, wanapekua mlima kipande kwa kipande kwa masaa. Macho mawili hayachoki upesi kama moja, na ubongo ukipokea picha mbili unaisafisha vizuri zaidi. Ukilazimika kutumia teleskopu kwa muda mrefu usilikunje jicho la pili. Liache wazi, ulizibe kwa kiganja au kofia. Utashukuru baadaye.

Kabla ya stendi za kisasa, waongoza wawindaji wa Uskoti walikuwa na mtindo wao: teleskopu ndefu ya shaba, mtu analala chali kwenye mteremko, anakunja goti, na ncha ya teleskopu inaegemea goti au fimbo. Ustadi huo ulikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1900, wakati wa vita vya Makaburu, Uingereza iliunda kikosi cha Lovat Scouts kutokana na watu hao na kukipeleka Afrika Kusini kupeleleza. Nimejaribu kulala vile juu ya jiwe la Mwanza. Uskoti lazima wana majani laini.

Na hapo kwenye mawe yetu ndipo penye kikwazo ambacho hakuna fedha inayokiondoa. Kufika saa nne asubuhi mawe ya Saanane, kama ya Capri Point na ya vilima vyote vya mji, yameshapata moto, na hewa ya juu yake inaanza kupanda ikitetemeka. Umeiona juu ya lami mchana, ile inayofanya barabara ionekane ina maji. Wengine huiita mazigazi. Kwa macho matupu huijali. Kwa mara 8 ni mguso tu kwenye kingo za vitu. Kwa mara 40 swala anaonekana kama yuko chini ya maji yanayochemka, na kwa 60 humjui kama ni swala au ni gunia. Kosa si la lenzi, teleskopu ya mamilioni nayo itakuonyesha kitu hichohicho. Dawa ni kuwahi kabla mawe hayajapata moto, kusimama sehemu ya juu ili usitazame kwa kuambaa juu ya mwamba, na kurudisha nguvu hadi 20 au 25. Jambo la ajabu ni kwamba ukipunguza nguvu unaanza kuona vizuri.

Kwenye mtumbwi hadithi ni fupi: stendi ya miguu mitatu juu ya kitu kinachoyumba ni mzigo tu. Mabaharia kwa miaka mingi wametumia 7x50, nguvu ndogo na kifungu cha mwanga cha milimita 7. Ukienda Rubondo, kisiwa cha ziwa hilihili ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kumtafuta nzohe kwenye mafunjo, chukua ya namna hiyo au 8x42. Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ndefu zinatanuka asizame kwenye tope, na akitishika huingia majini na kuacha pua peke yake. Utamwona kwa sekunde chache, boti likiinuka na kushuka. Zipo darubini za betri zinazotuliza picha zenyewe, nzuri kweli, ila bei yake inahitaji kikao cha familia.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue ipi kwa matembezi ya huku namwambia 8x42, na kama macho yake ni mazuri na mikono imetulia, 10x42. Teleskopu anunue yule ambaye ana stendi nzito, ana mahali pa kukaa bila kuhama, na ana swali linalohitaji jibu: dume au jike, ndege huyu ana pete mguuni au hana. Ikiwa swali lako bado ni "wako wapi?", hujafika huko. Na anayeifikiria kwa ajili ya uwindaji ajue kwamba ndani ya hifadhi za taifa hakuna kuwinda kabisa, na nje yake bila leseni ni jinai.

Dukani nenda na rula. Zipo darubini ndogo za mfukoni zimeandikwa 30x60 wakati kioo cha mbele, ukikipima, hakifiki hata milimita 30. Itazame minara ya simu iliyoko kilimani kwa dakika 5 mfululizo. Ukihisi macho yanavutana au kichwa kinagonga, mirija miwili haikupangwa sambamba, irudishe hapohapo. Na unyevu wa ziwani huotesha kuvu kwenye lenzi, kwa hiyo usiifungie kabatini ikiwa na jasho.

Turudi juu ya jiwe. Askari alimvua mpwa wangu ile darubini ya dhahabu, taratibu, akamvisha yake. "Usiwatafute kwa darubini, mdogo wangu. Kwanza ukazie macho ule mti uliopinda. Umeuona? Usiyatoe macho hapo. Sasa inua darubini mpaka machoni, wewe usihame."

Kijana akainua. Akakaa kimya. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Sita," akasema. "Kuna mmoja kalala nyuma ya jiwe, sikio tu ndilo linachezacheza."

Askari akaichukua, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akafungua daftari, akaikata ile 5.