Ukuta wa matumbawe haupigwi sementi

Jumamosi niliwaongoza vijana waliokuja Bagamoyo na baiskeli kutoka Dar. Tulianzia Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, wakaona mawe ya matumbawe yalivyochongwa kwenye makaburi ya minara, na matundu yaliyokuwa na bakuli za Kichina. Tukarudi mjini. Kwenye Mtaa wa India kijana mmoja akaegemeza baiskeli, akapapasa ukuta unaomomonyoka, akasema: "Fundi, si mngepiga sementi tu hapa muachane na shida?"

Hilo nimeambiwa na wenye nyumba, na wakandarasi, hata na shemeji zangu. Leo naandika.

Jiwe letu la matumbawe ni la aina mbili. La nchi kavu ni gumu, la kujengea kuta. La baharini lilichongwa likiwa bichi, bado laini, kwa miimo na mihrabu. Yote mawili yana vinyweleo, na yote yana chumvi. Kinachoyashika ni chokaa, nayo ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa kwenye tanuri kwa moto wa nyuzi 900 hivi, yakazimwa kwa maji. Ukishaipaka, chokaa hunyonya hewa ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe.

Sasa shika hili. Ukuta huo hauna mkanda wa kuzuia unyevu. Unavuta maji kutoka chini, mchana kutwa jua linayatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukipiga sementi umeuziba pumzi. Maji hayaachi kupanda, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inalisaga jiwe. Nje unaona ukuta safi, ndani unakufa.

Bibi mmoja aliniita baada ya kupigiwa sementi na fundi mwingine. "Mwanangu, niliona nisikusumbue tena," akaniambia. Niligonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Kipande cha ukubwa wa sinia kikabanduka chenyewe, na nyuma yake jiwe likamwagika kama sukari yenye maji. Akaokota kidogo, akakisugua kiganjani, akanyamaza.

Wengine hunijibu kwamba sementi ina nguvu. Ina nguvu, ndiyo shida yenyewe! Nyumba hizi hucheza kidogo masika na kiangazi. Chokaa hufuata, na ufa mwembamba huweza kujiziba. Sementi haifuati, inapasuka, na mvua inaingia kwenye nyufa bila njia ya kutoka. Sementi ya Portland, hii ya kawaida, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Kaole ilikuwa imeshasimama karne tano na zaidi.

Kuna mambo mawili bado yananisumbua. Sementi iliyoshika vizuri, niitoe au niiache? Nyundo huondoka na uso wa jiwe, na ziko kuta nilizozibandua nikajuta. Halafu chokaa haitaki haraka. Mwaka mmoja mvua inakaribia nilitia sementi kidogo kwenye chokaa ili ishike. Ukuta ule bado umesimama, nami kila nikipita naugonga nisikilize.

Yule kijana wa baiskeli naye aliugonga ukuta alioupapasa, akasogeza sikio, akagonga tena juu kidogo.