Megawati 72 zilizofichwa ndani ya moshi

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu kituo cha umeme cha Kinyerezi II ni hili: ile mitambo miwili ya mvuke inachoma nini? Haichomi kitu. Nimesomea uhandisi wa joto, na jibu hilo bado linanifurahisha.

Kituo hicho cha Dar es Salaam kina uwezo wa megawati 240. Mitambo sita ya gesi asilia inatoa takriban megawati 168. Zilizobaki, kama 72 hivi, zinatokana na moshi wa mitambo hiyo sita.

Gesi ikishawaka na kuzungusha mtambo, moshi unaotoka bado una joto la nyuzi 500 na zaidi. Pale penye mtambo wa gesi peke yake, moshi huo hupanda dohani ukapotelea angani. Hapa unapitishwa kwanza kwenye boila isiyo na moto wake, katikati ya mabomba membamba yenye maji. Maji yanageuka mvuke wa shinikizo kubwa, mvuke unazungusha mtambo mwingine, kisha unapozwa kuwa maji na kurudi bombani. Bibi zetu walijua jambo hili: wali ukishaiva, makaa yaleyale huteleka birika la chai.

Sasa hewa ukaa. Gesi asilia ikiungua hutoa takriban gramu 200 kwa kila uniti (kilowati-saa) ya joto. Tuseme mtambo unageuza asilimia 35 ya joto hilo kuwa umeme: uniti moja ya umeme inabeba karibu gramu 570. Ukiongeza mvuke ukafika asilimia 50, inabeba gramu 400 tu. Gesi ni ileile, haijaongezwa hata kidogo.

Si joto lote linalovunwa. Mvuke unapopozwa hutupa joto jingi la nyuzi chache, lisilofaa tena kuzalisha umeme. Copenhagen, Denmark, wanapasha nyumba joto kwa mabaki ya vituo vyao. Dar es Salaam nani anahitaji kupashwa?

Kinachonikera zaidi ni uendeshaji. Mtambo wa gesi huwaka kwa dakika, lakini boila na mtambo wa mvuke ni vyuma vinene, na vikiwa baridi huchukua saa kadhaa kupata moto taratibu visije vikapasuka. Kituo kikizimwa na kuwashwa kila siku, sehemu ya mvuke inabaki nyuma na tunarudi kwenye gramu 570.

Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na mitambo ya maji hupanda na kushuka kwa dakika chache bila kudhurika sana. Basi maji yapewe kazi ya kufuata kupanda na kushuka kwa matumizi jioni. Siku ambazo gesi inahitajika, vituo vyenye mvuke viwashwe kwanza, viachwe vizunguke mfululizo, na vile vya gesi peke yake viitwe mwisho.