Sungura amegoma kula: maswali na majibu kwa wafugaji wa Tabora

Tabora mjini, kuanzia Ng'ambo hadi Isevya na Ipuli, sungura wengi ni mali ya watoto: wawili watatu kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba. Hakuna anayewapima uzito wala kuwawekea daftari. Kasoro hugundulika asubuhi, mtu anapopeleka majani na kukuta ya jana bado yapo. Hapo ndipo maswali haya huanza.

Sungura wetu hajagusa chakula tangu jana jioni. Naweza kusubiri hadi kesho nione?

Hapana. Mbwa akisusa chakula siku moja unaweza kumwangalia tu. Kwa sungura, saa 12 bila kula ni dharura, na zikifika 24 yuko hatarini kufa hata kama bado anakaa wima na kukutazama.

Sababu iko tumboni. Mwishoni mwa utumbo mwembamba ana mfuko mkubwa ambamo bakteria huchachusha nyasi, na mfumo wote huo unategemea nyasi mpya ziingie kila saa zisukume zilizotangulia. Asipokula, utumbo unapunguza mwendo. Kilichomo kinakauka, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa sababu linauma anazidi kususa. Kutapika hawezi, maumbile yake hayamruhusu. Juu ya hayo mwili unaanza kuchoma mafuta yake kwa pupa na kuyajaza kwenye ini, na hapo sungura mnene huzidiwa kabla ya mwembamba.

Nitajuaje kwamba kweli hali, na si kwamba amechagua tu?

Angalia kinyesi kabla ya kuangalia bakuli. Majani yanaweza kupungua kwa sababu mwenzake ndiye aliyekula, lakini kinyesi hakidanganyi. Cha mzima ni vigololi vya mviringo, vikavu, vikubwa kama punje ya dengu, vinavyolingana. Ukikipasua kimoja unaona ndani nyuzinyuzi za majani kama vumbi la mbao. Vikianza kuwa vidogo, vyeusi, vigumu, au vichache, utumbo tayari unazembea. Visipokuwepo kabisa tangu usiku, usimalize chai.

Kama wanakaa wawili, watenganishe kwa saa chache ujue nani hatoi. Kisha mshikie puani kitu anachokipenda, tuseme jani bichi la matembele. Akigeuza uso, amini. Dalili nyingine ni kukaa amejikunja na mgongo umepanda, macho nusu, na kusaga meno kwa sauti ya kukwaruza. Watu hudhani anatafuna. Ni maumivu.

Nini hasa husababisha?

Kususa chakula si ugonjwa, ni dalili, na nyuma yake kuna mambo mengi. Lakini ukiniuliza nianze kushuku wapi hapa Tabora, nitasema nyasi, au tuseme kukosekana kwake.

Sungura anatakiwa kula nyasi, mbichi au zilizokaushwa, kwa zaidi ya robo tatu ya chakula chake chote. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi Novemba, nyasi mbichi mjini ni za kutafuta. Hapo ndipo pumba, makoko ya ugali, vipande vya mkate na kabichi iliyobaki sokoni vinageuka kuwa mlo mzima. Vinamshibisha, ila havina nyuzi za kusukuma utumbo, na wanga mwingi unawalisha bakteria wabaya. Wiki tatu mambo ni shwari, ya nne amelala pembeni. Dawa ya hilo ni kazi ya Machi na Aprili: kata ukoka au mabingobingo machanga, anika kivulini mpaka yakauke vizuri yakiwa bado na rangi ya kijani, funga mafungu, tundika pasipovuja. Nyasi zenye ukungu usimpe hata kama ndizo zilizobaki.

Maembe yakianza kuiva Novemba na Desemba yanakuja na shida yake. Watoto humrushia maganda na kokwa zenye nyama, naye huyapenda mno. Sukari hiyo ni gesi tupu. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, na si kila siku.

Joto ni jambo la tatu, nalo halipewi uzito wake. Sungura wa kufugwa si ndugu wa karibu wa yule anayeruka mbele ya baiskeli kwenye pori la miombo. Asili yake ni sungura mwitu wa Ulaya, upande wa Hispania na Ureno. Hatoki jasho, anapoza mwili kwa masikio na pumzi. Oktoba ya Tabora, mchana ukipita nyuzi 30, banda lenye bati lililokaribiana na kichwa chake ni tanuri, na mnyama aliyechemka hali. Weka nyasi juu ya bati, sogeza banda chini ya mwembe, mfungie chupa ya maji ya barafu kwenye kitambaa aegemee.

Yapo na ya haraka: maji yaliyokwisha au kuchafuka (sungura wa kilo 2 hunywa kama mililita 200 kwa siku, na joto likizidi hunywa zaidi), safari ndefu ya basi ndani ya boksi, kubadilishiwa chakula ghafla, mbwa anayezunguka banda usiku, meno, jeraha, chawa na ukurutu.

Na sumu. Mkoa huu ni wa tumbaku, na jani la tumbaku, bichi au lililotoka kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku), lina nikotini inayoweza kumuua. Magugu ya pembezoni mwa shamba la tumbaku nayo yaache, kwa kuwa dawa ya wadudu huyafikia. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo yasiingie bandani.

Nifanye nini sasa hivi, wakati natafuta daktari?

Kwanza mshike masikio. Yakiwa baridi na mwili umelegea, mpe joto kabla ya kitu kingine chochote: chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kanga, imlalie ubavuni. Joto la kawaida la sungura ni kama nyuzi 38.5 hadi 40, na aliyepoa hasagi chakula, kwa hiyo kumlisha kabla hajapata joto ni kumwongezea mzigo. Yakiwa moto sana na anahema kwa kasi, kinyume chake: kivulini, na masikio uyapanguse kwa kitambaa cha maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye ndoo.

Pili mpapase tumbo taratibu. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlishe kwa lazima. Huenda njia imeziba, na kila unachoingiza kinaongeza mgandamizo. Huyo ni wa daktari moja kwa moja.

Likiwa laini au kama unga uliokandwa, mlishe. Nunua bomba la sindano la mililita 5 au 10 duka la dawa, tupa sindano. Kama una chakula cha punje cha sungura, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji mwepesi. Kama huna, saga majani machanga ya matembele na ukoka kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, uchanganye na boga lililochemshwa bila sukari wala chumvi. Uji wa sembe na maziwa ya ng'ombe hapana. Najua ndivyo tunavyolea wagonjwa nyumbani, lakini wanga na maziwa vitamalizia kazi ambayo gesi imeanza.

Mviringishe kanga, miguu yote ndani, kichwa nje. Usimlaze chali. Mwishoni mwa meno ya mbele, pembeni, kuna mwanya usio na meno. Ingiza ncha ya bomba hapo kutoka ubavuni, sukuma mililita moja, subiri ameze, uone taya likizunguka, kisha nyingine. Ukisukuma bomba zima kwa mpigo litakwenda mapafuni. Sungura wa kilo 2 apate kama mililita 20 kwa mlo, mara nne au tano kutwa, ukianza na nusu ya hapo. Maji mpe kwa njia hiyo hiyo. Katikati ya milo mwache atembee sakafuni, maana kutembea nako kunaamsha utumbo.

Dukani wameniambia nimwekee dawa ya kuku kwenye maji. Ni sawa?

Sungura aliyegoma kula kwa kawaida hanywi pia. Dawa uliyoiweka kwenye maji itabaki kwenye maji.

Lakini shida kubwa ni aina ya dawa. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza, pamoja na klindamisini, ambazo binadamu anameza bila tatizo, kwa sungura huua bakteria wazuri wa tumboni na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Anaharisha na kufa siku chache baadaye, na mwenyewe anaamini ugonjwa ndio uliomuua. Vidonge vya maumivu vya nyumbani navyo usimkatie kwa kukisia. Daktari wa mifugo ana dawa za maumivu zinazomfaa na kipimo kwa uzito wake. Atamwekea maji chini ya ngozi, atamtazama meno, na ikibidi atampa dawa ya kuamsha utumbo baada ya kuhakikisha njia haijaziba. Humpati? Anza na afisa mifugo wa kata. Wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo mwambie waziwazi: ni sungura, ana uzito huu, hajatoa kinyesi tangu saa fulani.

Nimemwona anainama na kula kinyesi chake mwenyewe. Ndiyo ugonjwa wenyewe?

Hapana, ndiyo uzima wenyewe. Hicho ni kinyesi laini, kinachong'aa, kilichoshikana kama kishada, na huwa anakichukua moja kwa moja kutoka nyuma. Kina vitamini na protini. Shaka iwe pale unapokikuta kimesambaa bandani hakijaliwa.

Wadogo wa miezi miwili wana tumbo kubwa, wanaharisha, hawali. Mama yao yuko sawa.

Shuku koksidia, vijidudu vya utumbo na ini vinavyowapata zaidi wanaotoka kuachishwa kunyonya. Mkubwa anaweza kuvibeba bila kuonyesha. Zipo dawa, na baadhi ni zile zile zinazotumika kwa kuku, ila kipimo ni cha mtaalamu. Bila kuhamisha sakafu dawa haifui dafu: watoe kwenye udongo, wakae juu ya papi zenye nafasi kinyesi kidondoke, na majani yatundikwe, yasimwagwe chini wanapokojolea.

Jike ana mimba na amesusa. Nimwache?

Mimba ya sungura ni kama siku 31. Siku ya mwisho anaweza kupunguza kula huku akijinyonyoa manyoya ya kutandika kiota. Hilo ni la kawaida. Akisusa kabisa kabla ya hapo, hasa kama ni mnene, mhesabu kuwa mgonjwa.

Meno ya mbele yamerefuka na kujipinda. Nikate kwa koleo?

Hapana, jino litapasuka hadi kwenye mzizi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yote, ya mbele huongezeka kama milimita 2 kwa wiki au zaidi, na kinachoyasaga ni nyasi. Daktari ndiye ayapunguze. Na kama ya mbele yako sawa lakini kidevu kimelowa mate, tatizo liko kwenye magego, ambako huoni kwa macho. Mpe matawi ya mpera au mforosadi atafune akishapona.

Ameanza kula. Naweza kuacha kumlisha kwa bomba?

Punguza polepole mpaka vigololi virudi ukubwa wake. Vya kwanza vitatoka vibaya, vidogo, pengine vimeunganishwa na manyoya kama shanga kwenye uzi. Usishtuke. Kwa wiki nzima mpe nyasi na majani tu.

Baba anasema tumchinje kabla hajafa, nyama isipotee.

Mwambie baba kwa heshima kwamba nyama ya mnyama mgonjwa ambaye sababu haijajulikana haifai, na aliyepewa dawa ana siku za kungoja zinazotajwa na aliyetoa dawa. Kama kuna shuku ya tumbaku au dawa ya shambani, hata mbwa asipewe.

Watoto wanawe kwa sabuni baada ya kumshika. Ukurutu na mba za ngozi huweza kuhamia kwao, na aliyeng'atwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni, apelekwe zahanati kuulizwa chanjo ya pepopunda.

Akifa, fukia shimo refu. Lakini wakifa wawili au watatu ndani ya siku chache, usimfukie wa mwisho: mtie kwenye mfuko wa plastiki, umweke penye baridi bila kumgandisha, umpeleke siku hiyo hiyo kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Tabora wampasue, kabla hujanunua wengine.