Mtoto anatweta: maswali ya mama wa Pemba kuhusu bronkiolitisi

Mama mmoja wa Wete alinijia na mtoto wa miezi minne na mfuko wa chupa tatu za dawa. "Daktari, mafua yalimwanza juzi. Leo kifua kinamlia kama filimbi na mbavu zinaingia ndani. Dukani wamenipa hizi. Nimpe ipi mwanzo?" Nilimwambia aziweke zote chini, kisha tukakaa tukamtazama mtoto anavyohema. Maswali mengine aliyouliza siku ile ndiyo haya, pamoja na ya wenzake waliokuwa kwenye benchi.

Ni maradhi gani haya?

Fikiria mkarafuu: shina moja, matawi, kisha vitawi vyembamba kabisa karibu na majani. Njia za hewa kifuani zimegawika vivyo hivyo. Bronkiolitisi ni uvimbe wa vile vitawi vya mwisho, unaoletwa na virusi, mara nyingi kile kiitwacho kwa kifupi RSV. Kwa mtu mzima kirusi hicho kwa kawaida ni mafua tu. Kwa mtoto mchanga, njia zake ni nyembamba mno: zikivimba kidogo na kujaa ute, hewa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, ndiyo ile filimbi unayoisikia. Huwapata watoto wa chini ya miaka 2, hasa wasiotimiza mwaka.

Mbona hamkumpiga picha wala kumtoa damu?

Kwa sababu maradhi haya hutambuliwa kwa macho, masikio na maelezo ya mama. Mafua siku mbili tatu, kisha kikohozi, pumzi za haraka, filimbi, mbavu kuingia, kunyonya kupungua: mtoto mdogo mwenye mfuatano huo kwa kawaida hahitaji picha ya kifua. Tunamvisha kile kipimo cha mwanga kidoleni kujua oksijeni iko kiasi gani katika damu. Akiwa na homa tunampima malaria pia.

Kuhesabu pumzi unaweza mwenyewe. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mpandishe nguo, utazame tumbo na kifua, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwani pumzi za mchanga hazina mpangilio. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni mbio. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1, ni 40 au zaidi. Mtoto anayehema mbio hivyo aonwe siku hiyo hiyo, maana nimonia nayo huanza namna hii, na kuzitenganisha ni kazi ya mhudumu wa afya. Pumu haiwi ya kwanza kufikiriwa kwa mtoto wa miezi minne anayelia kifua kwa mara ya kwanza.

Basi antibaotiki haimsaidii?

Antibaotiki huua bakteria. Hiki ni kirusi, haimgusi. Mhudumu akiona dalili za nimonia ya bakteria atampa, na hapo umalize dozi. Dawa ya pumu ya kuvuta na zile za steroidi, za kupunguza uvimbe, hazibadilishi mwendo wa bronkiolitisi, na dawa za maji za kikohozi zinaweza kumdhuru mchanga. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka. Na hili naliomba kwa moyo wote: msimpeleke mtoto akakatwe kimio. Kimio hakileti kikohozi hiki. Kukikata huleta damu, kidonda na mtoto asiyeweza kunyonya, wakati kunyonya ndiyo dawa yake.

Sasa nyumbani nifanye nini?

Ziwa, ziwa, ziwa. Kidogo kidogo, mara nyingi, kwani anachoka haraka. Mchanga hajui kuhema kwa mdomo vizuri, kwa hiyo pua ikiziba hawezi kunyonya: tia matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kisha safisha pua kabla ya kumpa ziwa. Akichemka, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Moshi nao. Chetezo cha udi na ubani kitoke chumbani, jiko la kuni au makumbi liwe mbali naye, na baba anayevuta sigara akavutie nje. Najua bibi hukifukiza chumba kwa mapenzi, lakini kifua hiki hakiwezi kustahimili.

Siku ngumu huwa ya tatu mpaka ya tano tangu kikohozi kuanza, kisha hali hulegea. Kikohozi chenyewe kinaweza kukaa wiki mbili au tatu.

Lini nisisubiri?

Akiwa hawezi kunyonya, au ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake. Nepi ikibaki kavu nusu siku. Mbavu zikiingia sana, akiguna kila pumzi, midomo au ulimi ukigeuka buluu, akilegea haamki, akitapika kila kitu, akipata degedege, au pumzi ikisita kisha irudi. Aliyezaliwa kabla ya kutimia miezi, mwenye maradhi ya moyo, au wa chini ya miezi 2, apelekwe mapema hata kama dalili ni ndogo.

Spitali, iwe Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee pale Mkoani, kazi kubwa ni mbili: oksijeni ya puani ikiwa kipimo kiko chini ya asilimia 90, na maziwa kwa mpira mwembamba kama hawezi kunyonya. Msiikimbie oksijeni. Nasikia watu wakisema akiwekewa ndiyo mwisho wake. Wengi tunawaondolea baada ya siku chache wakarudi kwao wakinyonya.

Sisi wa kisiwa cha Kojani tufanyeje, na usiku hakuna chombo?

Nyinyi, na wa Fundo na Kisiwa Panza, hesabuni pumzi alasiri, si usiku. Kama jua linazama na ananyonya kidogo kuliko asubuhi, vukeni. Chomboni mpakate wima kifuani, pua iwe wazi, usimfunike uso kwa kanga. Upepo ukiwa mkali, upe mgongo wewe.