"Borrow" na "lend": penseli ni ileile, maneno ni mawili

Mwanafunzi wa darasa la nne hapa Mwanza aliandika, "I borrowed my friend a pencil." Alitaka kusema amemwazima rafiki yake penseli. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu, akavuta daftari jingine. Mtoto akabaki ameduwaa, maana kwenye daftari lake la msamiati ameandika "borrow: azima", na yeye kafuata hivyohivyo.

Simlaumu. Kwetu anayetoa anaazima na anayepokea anaazima, Kiingereza kimewatenga. Kwa hiyo mzazi, acha kukaririsha orodha. Chukua penseli ya mwanao, sema "I borrow". Mrudishie, kisha ageuke yeye akupe yake akisema "I lend". Rudieni mara tatu nne, aone penseli inatoka kwa nani.

Mkono nao hivyohivyo: kiganja na vidole ni "hand", kuanzia kwenye kifundo hadi begani ni "arm". Mguse huku unatamka.

Mahali pengine sisi ndio tumetenga. Mpunga wa Misungwi ukiwa shambani, mchele ukiwa sokoni, wali ukiwa kwenye sahani, Mwingereza anaita vyote "rice". Na hapo sikilizeni matamshi, hasa nyumba zinazoongea Kisukuma, ambako "r" huteleza ikawa "l". "Lice" ni chawa. Mtoto akiomba sahani ya chawa mtacheka wote, lakini hatalisahau tena neno hilo.

Saa huwatesa zaidi. Sisi tunahesabu kuanzia kunapokucha, wao kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, hivyo saa mbili asubuhi ni "eight o'clock". Tumia saa ya ukutani ya mishale: itafute mbili, kisha vuka katikati hadi namba inayotazamana nayo. Ni nane. Saa nne itakupeleka kwenye kumi, na zote zilizobaki ni hivyo.

Kwa "stone" na "rock" niliwapeleka watoto ufukweni. Nikawaambia unaloweza kulirusha ziwani ni "stone". Lile kubwa la Bismarck, linalochomoza ziwani hapa Mwanza, ingawa tunaliita jiwe, ni "rock". Binti mmoja akaniuliza, "Na lile ambalo mimi siwezi kulinyanyua ila baba anaweza?" Ilibidi nikae chini kwanza.