Si kila lisemwalo lipo: sanaa ya kamba ya Kijapani

Dhana: sanaa hii ya kumfunga mwenzako kwa kamba, kwa mapenzi na kwa ridhaa yake, ni ya kale ya samurai, iliyorithishwa kizazi hadi kizazi.

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na imetiwa chumvi. Kweli, enzi za Edo (1603–1868) walikuwapo mafundi wa hojojutsu, yaani ufundi wa kufunga watuhumiwa na wafungwa. Palikuwa na kamba ya haraka ya kumkamatia mtu, na kamba kuu ya kumfungia anaposafirishwa, na ufungaji ulitofautiana kwa kosa na kwa cheo. Lakini ile ilikuwa kazi ya dola. Mapenzi hayakuwamo, wala mfungwa hakuulizwa kama anaridhia.

Kamba ilivuka kutoka gerezani hadi kwenye sanaa kwa kupitia jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, lenye maonyesho yake ya mateso, na picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Mwaka 1885 Tsukioka Yoshitoshi alichora mjamzito aliyening'inizwa kichwa chini, na chini yake bibi kizee akinoa kisu. Picha hiyo ilimganda mchoraji Ito Seiu (1882–1961). Mwaka 1921 alimning'iniza mkewe mjamzito vivyo hivyo, ikapigwa picha. Leo wengi humwita Ito baba wa kinbaku, jina la sanaa hii ya kamba. Mimi picha ile hunikera kuliko inavyonivutia, ila ukiiruka utakuwa umesimulia nusu ya historia.

Dhana: "shibari" ni neno la siri la wajuzi.

Maana yake ni kufunga tu: Mjapani akifunga furushi la magazeti hutumia kitenzi hichohicho. "Kinbaku", yaani kufunga kwa kukaza, ndilo jina linaloitaja sanaa yenyewe.

Dhana: haijaguswa na watu wa Magharibi.

Baada ya vita, sanaa hii ilikulia magazetini. Kitan Club, lililoanza mwaka 1947 na kudumu hadi 1975, liliwakutanisha wachoraji, waandishi na wasomaji wenye hamu moja, na picha kutoka ng'ambo zilifika humo pia. Mmoja wa watu wake, Minomura Kou, alikuwa akifunga, akichora na kuhariri, yote kwa mikono yake miwili. Kwa hiyo mengi yanayoitwa "ya jadi" yana umri wa babu zetu tu.

Dhana: ukijua mafundo, umefuzu.

Mafundo ni machache mno. Kazi iko kwenye mizunguko na mkazo: kamba ya juti, nyuzi zilezile za magunia, unene wa milimita 6 hivi, urefu wa mita 7 au 8, ikikaa mahali pake bila kulegea wala kukaba. Upande wa nje wa mkono, juu ya kiwiko, hupita neva inayoinua kiganja. Ikibanwa, kiganja huning'inia na huenda kisiinuke kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mfungaji makini humuuliza mwenzake kila mara kama vidole vinapata ganzi, na mkasi haumkai mbali.